Utunzaji wa Maksai Kabla ya Kuchinjwa, na Sababu ya Nyama Kuwa Nyeusi

Tuseme kwamba maksai wawili wamezaliwa katika zizi moja, wamelishwa mbuga moja, na siku ya kuuzwa wako sawa kwa unene na kwa umri. Wa kwanza akachinjwa, nyama yake ikawa nyekundu ya kung'aa, ikakauka vizuri juu ya kulabu, na mwuza nyama akaomba aletewe mwingine wa namna ile. Wa pili naye akachinjwa siku ile ile, lakini nyama yake ikawa nyeusi kama ini, yenye kunata vidoleni, na haikukawia kunuka. Mwuza nyama akasema, "Mtu huyu ameniuzia ng'ombe mgonjwa," na tangu hapo hakununua tena kwake.

Lakini maksai yule hakuwa na ugonjwa wo wote. Tofauti yao ilikuwa katika siku tatu za mwisho tu. Wa kwanza alikwenda mnadani polepole, akanyweshwa njiani, akalala pamoja na wenzake aliowazoea. Wa pili alifukuzwa mbio jua kali, akapigwa fimbo kila alipotaka kusimama, kisha akalazwa ndani ya zizi geni pamoja na mafahali wasiomjua, bila majani wala maji. Mwenyewe alikuwa amemlea miaka minne, na kazi yote ya miaka ile ikaharibika kwa muda wa siku tatu.

Madhumuni ya maelezo haya ni kukueleza, wewe mfugaji, jambo lililotendeka ndani ya mwili wa maksai yule, ili ujue mwenyewe la kufanya hata pasipo mtu wa kukuelekeza.

Akiba iliyomo ndani ya nyama

Kila mnyama aliye hai huweka akiba ya nguvu ndani ya ini na ndani ya misuli, yaani ile nyama nyekundu tuilayo. Akiba hiyo ni namna ya wanga, nayo huitwa glaikojeni. Aliyeitenga kwanza ni mtaalamu Mfaransa, Claude Bernard, mwaka 1857. Mnyama akikimbia, akipigana, au akiogopa, hutumia akiba hiyo. Akila na kupumzika, huirudisha kidogo kidogo. Ifikirie kama ghala ya nafaka: wakati wa njaa hupungua, na wakati wa mavuno hujazwa tena.

Mnyama akichinjwa, damu humtoka na pumzi hukoma, lakini nyama yenyewe haifi saa ile ile. Kwa muda wa saa nyingi huendelea kufanya kazi yake, na kwa kuwa hewa haiifikii tena, huigeuza ile akiba kuwa asidi. Asidi hiyo ni ile ile iliyomo katika maziwa yaliyoganda. Mnyama aliye hai huondolewa asidi hiyo na damu. Aliyekwisha kuchinjwa hana damu ya kuiondoa, kwa hiyo nyama huchachuka. Usishangae kusikia kwamba nyama njema ni nyama iliyochachuka kidogo ndani yake, maana ulimi hauwezi kuonja uchachu huo, lakini kipimo huuona.

Kipimo hicho wataalamu hukiandika pH, na hesabu yake hushuka kadiri uchachu unavyozidi. Nyama ya ng'ombe aliye hai hupimwa karibu na 7. Mnyama aliyekuwa na akiba ya kutosha, nyama yake hushuka mpaka 5.5 au karibu yake, katika muda wa siku moja hivi. Aliyekwisha kuimaliza akiba yake kabla ya kuchinjwa, nyama yake haina kitu cha kugeuza kuwa asidi. Hushuka kidogo tu, kisha husimama kwenye 6 au zaidi. Hiyo ndiyo nyama nyeusi.

Weusi wake hutoka wapi? Nyama isiyochachuka hushika maji yake kwa nguvu sana, nyuzi zake hufura na kukaribiana, na mwanga ukiingia haurudi. Tena nyama hiyo huila upesi hewa ifikayo juu yake, na hewa ndiyo iipayo nyama wekundu wa kung'aa pale inapokatwa. Kunata kwake vidoleni ni kwa sababu ya maji yale yale. Na kuoza upesi kuna sababu mbili: uchachu huzuia vijidudu vya uozo, na hapa uchachu haupo, tena vijidudu vikikosa sukari ya kula, huanza mapema kula nyama yenyewe, na hapo ndipo harufu mbaya hutokea.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 1944 kituo cha uchunguzi wa kilimo cha Kansas, katika Marekani, kilitoa kitabu kizima juu ya nyama nyeusi ya ng'ombe. Katika nchi ya Australia, mpango wa kupima ubora wa nyama uitwao Meat Standards Australia haukubali nyama ambayo kipimo chake hakikushuka chini ya 5.71, hata kama mnyama alinona namna gani. Kwetu wanunuzi wengi hawana kipimo hicho, lakini macho wanayo, na mkono wa mwuza nyama hujua nyama inatayo.

Yafaa niseme hapa kwamba nyama nyeusi ya namna hii haina sumu. Ikipikwa siku ile ile, huliwa salama. Lakini usiichanganye na jambo jingine lililo la hatari kweli: ng'ombe akifa ghafula bila kuchinjwa, na damu nyeusi isiyoganda ikamtoka puani au nyuma, huenda ni kimeta. Huyo usimpasue kabisa, wala usimchune. Mjulishe Bwana Mifugo mara moja.

Usiku mmoja hautoshi

Wafugaji wengi hufikiri kwamba maksai aliyechoka akilala usiku mmoja, asubuhi huwa amepona. Miguu yake yaweza kuwa imepona, lakini ghala yake haijajaa. Mtu akila ugali baada ya kazi ngumu, akiba yake hurudi katika siku moja au mbili, kwa sababu sukari ya chakula huingia damuni upesi. Ng'ombe sivyo. Chakula chake huchachushwa kwanza na vijidudu vilivyomo tumboni, na sukari ifikayo damuni mwake ni chache mno. Kwa hiyo akiba ya misuli yake hurudi polepole sana: huchukua siku kadhaa, hata wiki na zaidi, tena ikiwa anakula vizuri. Akiwa amefungwa bila majani, hairudi karibu hata kidogo.

Maana yake ni hii: mapumziko ya machinjioni hayawezi kuponya ubaya uliofanyika njiani. Maji na kivuli ni lazima apewe, lakini dawa hasa ni kutoimaliza akiba tangu mwanzo.

Basi, katika wiki ya mwisho kabla ya kuuza, mchague mapema maksai utakayemwuza, umweke mahali penye majani mazuri pamoja na wenzake awajuao. Ikiwa ni wakati wa kiangazi, mpe majani makavu uliyoyakata na kuyaweka, na mashudu ya pamba au pumba ukiweza kuzipata. Kazi zote za kumshika kwa nguvu, kama kumtia alama ya moto au kumkata pembe, ziwe zimekwisha siku nyingi kabla. Kadhalika dawa. Kila dawa ya sindano au ya kunywesha ina idadi ya siku zinazopaswa kupita kabla nyama haijaliwa, na siku hizo zimeandikwa juu ya chupa. Ukimchoma sindano leo na kumwuza kesho, mlaji atakula dawa yako.

Usichanganye mafahali wageni. Ng'ombe wakikutana mara ya kwanza hupigana mpaka wajue nani mkubwa, na mafahali hupigana na kupandana usiku kucha. Katika mambo yote yaletayo nyama nyeusi, hili ni mojawapo lililo baya kabisa, na ni jepesi kuzuiwa: kamba moja au ua wa miiba kati ya makundi mawili hutosha.

Njiani, waondoshe alfajiri baada ya kuwanywesha, wapumzike jua likiwa kali, wakaendelee jioni. Wachungaji wa zamani waliopeleka makundi makubwa masokoni walijua siri hii. Hawakuyasukuma, waliyafuata, wakayaacha yale majani huku yakienda, na safari ya siku nyingi haikuwadhuru sana wanyama. Kijana anayetaka kufika upesi ili arudi upesi ndiye amwaribiaye baba yake mali. Mpe posho ya siku mbili, ili asiwe na sababu ya kukimbiza.

Fimbo ni ya kuonyesha njia. Kila pigo zito huvunja mishipa midogo ya damu chini ya ngozi, na damu huvilia ndani ya nyama. Mkaguzi au mwuza nyama hukata sehemu hiyo na kuitupa, na mara nyingi ni ya paja au ya mgongo, yaani sehemu yenye bei kubwa. Fimbo yenye msumari hutoboa ngozi pia, na hapo waharibu vitu viwili kwa pigo moja.

Wakisafirishwa kwa lori, sakafu iwe na mchanga au majani na mbao za kuzuia utelezi. Wasibanwe hata yule aangukaye asiweze kuinuka, wala wasiachwe wachache katika nafasi kubwa hata wakatupwa huku na huku kila penye kona. Wenye pembe ndefu wasitiwe pamoja na wasio na pembe.

Hesabu ya mzani

Labda utasema, "Mimi nauza ng'ombe mzima, habari za nyama ni shauri la mnunuzi." Basi tazama hesabu yako mwenyewe. Ng'ombe aliyenyimwa chakula na maji mchana na usiku huweza kupungua kilo 6 hata 8 katika kila kilo 100 za uzito wake. Maksai wa kilo 250 hupoteza hivyo kilo 15 hata 20. Mwanzoni kipungucho ni majani na maji ya tumboni. Baadaye ni nyama yenyewe. Mnunuzi akitumia mzani, umepoteza fedha hapo hapo. Asipotumia mzani, huona mbavu zilizobonyea na kukata bei kwa jicho, na jicho la mnunuzi halikosi kujipendelea.

Wako watu wanaowapa ng'ombe chumvi nyingi ili wanywe maji mengi kabla ya kupimwa. Hila hiyo wanunuzi waijua siku nyingi, nao huiweka katika bei yao. Humpati mjinga ila mara moja, na mara ile hukugharimu sifa.

Mwili hukua kwa zamu

Ubora wa nyama haufanywi na siku za mwisho peke yake. Mtaalamu John Hammond wa Cambridge, Uingereza, alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba viungo vya mnyama hukua kwa zamu. Ubongo na mishipa ya fahamu hutangulia, ikafuata mifupa, kisha nyama, na mafuta huja mwisho. Chakula kikipungua, ile ya mwisho ndiyo inayonyimwa kwanza. Kwa hiyo umwonapo dume mrefu mwenye mifupa mikubwa na nyama haba, usiseme uzao wake ni mbaya kabla hujamwuliza mwenyewe alilishwa nini. Ukimwuza sasa, wauza mifupa uliyokwisha kuilipia, na nyama iliyokuwa karibu kuja wamwachia mwingine.

Wafugaji huhofu sana kiangazi, na kweli kiangazi hukondesha. Lakini uchunguzi uliofanywa Muguga, karibu na Nairobi, na H. P. Ledger na A. R. Sayers, ukachapishwa mwaka 1977, ulionyesha jambo la kutia moyo. Waliwaweka maksai katika uzito ule ule kwa muda mrefu, wasiongezeke wala wasipungue, wakaona kwamba kadiri siku zilivyopita chakula kilichohitajiwa kuwaweka hivyo kilizidi kupungua. Mwili hujifunza kubana matumizi. Na maksai wa namna hiyo wanapopata chakula kizuri tena, huongezeka upesi kuliko kawaida. Kwa sababu hii, maksai aliyekonda Oktoba usimwuze kwa hofu ikiwa malisho ya mvua yaja na huna shida ya fedha siku hiyo. Miezi michache ya majani mabichi humrudishia mengi ya yale aliyoyapoteza. Mwenye ada ya shule ya kulipa hana hiari, nami simlaumu. Lakini auze mmoja, asiuze watatu.

Ndama ni habari nyingine. Ndama aliyenyimwa maziwa katika miezi yake ya kwanza hafidii yote maishani mwake. Kama wakamua ziwa lote na kumwachia ndama povu, fahamu kwamba unaiuza nyama ya mwaka wa nne kwa bei ya kikombe cha maziwa.

Dume usiyemtaka kwa mbegu mhasi kabla hajatimiza mwaka, kwa koleo la Burdizzo, lisilopasua ngozi wala kuita nzi. Fahali hukua upesi kuliko maksai, hilo ni kweli, lakini hana mafuta, hupigana, na nyama yake huwa nyeusi mara nyingi zaidi.

Ulaini na ugumu

Nyuzi za nyama zimefungwa pamoja na kano nyembamba, na kadiri ng'ombe anavyozeeka kano hizo hushikana imara zaidi. Umri huujua kwa meno: meno mawili makubwa ya mbele huota yapata miaka miwili au baadaye kidogo, na yote manane huwa yametimia baada ya miaka minne. Maksai wa plau aliyefanya kazi miaka kumi hawezi kuwa na nyama laini ya kuchoma, hata ukimnonesha. Nyama yake ni ya sufuria: ichemshwe polepole, kwa maji na muda mrefu, na zile kano hugeuka kuwa mchuzi mzito wenye ladha.

Nyama iliyochinjwa hukakamaa kwanza, kisha hulainika yenyewe ikitunzwa katika baridi, karibu na nyuzi 0 hata 4 za Selsiasi, kwa siku 10 hata 14. Katika miji yetu nyama nyingi huuzwa siku ya kuchinjwa, na walaji hulaumu ng'ombe wetu wenye nundu kuwa wagumu. Lawama hiyo ina ukweli kidogo, maana nyama ya ng'ombe wenye nundu hukawia kulainika kuliko ya ng'ombe wa Ulaya. Lakini sehemu kubwa ni haraka ya jiko.

Haraka ya baridi nayo hudhuru. Mwaka 1963, katika New Zealand, Locker na Hagyard walionyesha kwamba nyama ikitiwa baridi kali kabla haijakakamaa, nyuzi zake hujikunja na kuwa ngumu sana. Mnyama mwembamba asiye na mafuta juu ya nyama hupoa upesi kuliko mnono, maana mafuta ni blanketi lake. Hiyo ni sababu nyingine ya kumnonesha kabla ya kumwuza.

Punje za tegu

Hasara nyingine hutoka chooni. Tegu aishiye tumboni mwa mtu hutoa mayai, na mtu akienda haja porini, mayai hubaki juu ya majani. Ng'ombe huyala, nayo huwa punje ndogo nyeupe ndani ya taya, ulimi, moyo na bega. Mkaguzi akiziona chache, nyama hugandishwa kwa baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku zisizopungua 10. Akiziona nyingi, nyama yote huharibiwa. Ng'ombe mwenyewe huonekana mzima siku zote, hata huwezi kujua. Choo cha shimo kwa wachungaji na kwa nyumba nzima, na kupika nyama mpaka isiwe mbichi ndani, ndiyo kinga.

Ukipata nafasi, mfuate ng'ombe wako mpaka machinjioni, uombe kumwona akiisha kuchunwa. Tazama rangi ya nyama kwenye shingo na mgongo. Tazama pia damu iliyovilia. Iliyo nyekundu imetokana na mapigo ya siku ile au ya jana yake, njiani au mnadani. Iliyogeuka kuwa ya manjano ina siku kadhaa, na hiyo ilitoka nyumbani kwako.